Mtutu Uliomwachia Didier

Papa wangu mpendwa,

Nimeolewa. Nilitaka uwe wa kwanza kuambiwa, umekuwa wa mwisho, unisamehe. Didier alinisubiri kanisani amevaa suti ya bluu, na aliponiona akalia waziwazi, mbele ya mama yake na kwaya nzima. Tuna chumba kimoja hapa Bellevue. Kila asubuhi, kabla hajaenda kulinda zile ofisi za Randburg, ananifunika mabega upya kana kwamba nimetengenezwa kwa sukari. Papa, nina furaha mpaka naogopa.

Na sasa naogopa kweli.

Ni kwa ajili ya ule mtutu wa bunduki uliomwachia Didier, ukasema, "Mkwe wangu ana mkono mtulivu, apate bunduki ya kuwindia." Kibali kimetoka, karatasi ziko sawa, na amekuwa akiiunga bunduki mezani petu huku akipiga mluzi. Kitako amekichonga mwenyewe. Kesho anakwenda nayo shambani kwa mwenzake wa kazini, aifyatue mara ya kwanza kwa heshima yako. Risasi amenunua kwa kufuata namba iliyochongwa ubavuni mwa mtutu.

Lakini ile namba ni ya kipimo cha zamani. Nilikuletea chakula kwenye karakana ya bunduki Jeppestown siku uliyokuwa ukipanua chumba cha risasi, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa. Ulimimina salfa iliyoyeyuka ndani, ikaganda kwa umbo la chumba, ukaitoa taratibu kama unang'oa jino, ukaipima. Kisha ukapaka alama ya rangi ya kipimo kipya, kama kawaida yako, maana hukuwa ukichonga namba mpya kabla ya kuijaribu bunduki. Hukuwahi kuijaribu. Mauti yalikutangulia.

Matanga yalipokwisha, mashangazi walitaka vitu vyako vyote vioshwe, msiba usibaki ndani. Walisugua kila kitu kwa mafuta ya taa. Shangazi Bea alininyanyulia mtutu kwa fahari: "Tazama, unang'aa kama sahani ya harusi." Alama ikamwagwa pamoja na mafuta machafu. Ilikuwa njano, au nyekundu? Na hata ningekumbuka, maana ya rangi zako uliijua wewe peke yako.

Nimemwambia Didier. Alicheka, akanishika kidevu. "Sheri, mpenzi, risasi imeingia, komeo limefungika. Kwani Papa alikuwa mwongo?" Nilibaki na maneno yako tu: "Risasi kuingia si risasi kutosha. Kiatu kikubwa huingia kila mguu." Ulinionyesha ganda la risasi lililopasuka ubavu mzima, ukasema moto wake hurudi usoni kwa mpigaji.

Nikamwomba aupeleke mtutu kwa fundi mwingine ukapimwe. Akakunja uso, mara ya kwanza tangu tuoane. "Kazi ya Papa ikapimwe na mtu mwingine? Hapana. Hiyo ni kumtukana."

Eish, Papa. Anakupenda kuliko anavyojipenda. Nitampinga vipi mtu anayekosea kwa sababu anakuheshimu?

Sasa hivi yuko uani, anaosha gari watakalosafiria, anaimba. Namwona kupitia dirisha. Ule uso, Papa. Yale macho yaliyolia kanisani. Nimeushika mtutu mikononi, nikakuita kwa jina lako lote. Chuma baridi tu. Wewe uliyejua hujibu, na mimi ninayekuuliza sijui kitu.

Pumzika, Papa, usihangaike huko uliko. Mimi siwezi kupima chochote, shule haikunifundisha hayo. Ila nakuahidi hili: asubuhi nitakaa chini mlangoni, na bunduki haitatoka hapa kwenda shambani mpaka akubali kuipitisha kwanza Jeppestown, kwa fundi mkuu wa karakana yenu, aliyekuwa akiikagua kazi yako hata ulipokuwa hai. Atakasirika. Huenda akaniruka.

Nitamshika mguu.

Binti yako anayekupenda,
Aline