Kisima cha Bustani ya Skuli

Chwaka, Jumapili

Dada yangu Kidawa,

Shikamoo. Natumai joto la Maskati limepungua. Sisi wazima, na paa la jikoni nshaliziba.

Ile bustani ya skuli niliyokuhadithia imepata mfadhili. Mwanzo wafadhili walitukatalia. Mgeni waliyemtuma alikagua uwanja akasema, "Mwalimu Rukaiya, hapa pwani maji huwa ya chumvi. Chimbeni kisima kwanza. Yakitoka matamu, tutawapa uzio, mabomba na mbegu." Kamati ya skuli haikuwa na cha kumlipa mchimbaji. Nikasema nitamlipa mimi.

Fundi Ubwa alipasua jiwe siku tisa. Siku ya kumi akaita kutoka chini, "Mwalimu!" Nikaitika, "Naam!" Akapandisha ndoo. Niliogopa kuonja, dada. Bi Thuwaiba, mkuu wa akina mama watakaolima pamoja na wanafunzi, akachota kwa kiganja, akanywa, machozi yakamtoka. "Matamu," akasema. Nikakaa pale pale kwenye kifusi.

Jana mfadhili ametia saini.

Sasa nikwambie. Fundi nilimlipa kwa kuuza bangili za marehemu mama, zangu na zako. Zako sikukuomba. Nilijua ungekataa, na kama maji yangetoka ya chumvi nisingekuwa na uso wa kukutazama. Ukija utanigombeza, nami nitasikiliza mpaka mwisho. Lakini jana nimelala usingizi, mara ya kwanza tangu mwezi wa Mfungo Mosi, nilipoziuza.

Mdogo wako mwenye kosa,
Rukaiya