Kamba ya Kiunoni mwa Babu Yako

Kigwa, Tabora
12 Septemba 1971

Sylvester, mjukuu wangu, mume wangu uliyenikimbia,

Miaka mitatu! Treni inapita hapa Kigwa, inateremsha watu, magunia na kuku, wewe tu haikuteremshi. Huko Dar es Salaam wamekufunga miguu? Haya, nimeshakugombeza, sasa nikuulize hali. Hujambo? Mkeo hajambo? Mtoto ameota meno? Sisi wazima. Magoti yananisumbua, ila mdomo bado mzima, kama unavyosikia. Naandika kwa mkono wangu, kisomo cha watu wazima kimenifikisha hapa. Nikikosea, vumilia.

Babu yako Lugembe amewapeleka watu kwa mbogo na mbogo ameanguka! Kijiji chote cha ujamaa kimekula nyama siku tatu.

Ilikuwa hivi. Bwana Nyama wetu, yule afisa wa wanyamapori, Humaidi wa Tabora mjini, alikuja kusema kuna Wazungu wawili, mtu na mkewe, wamekata leseni ya mbogo na wanataka mtu wa kufuata nyayo. Akamwambia babu yako wazi kwamba mwaka jana alipoteza nyayo mara mbili, na akizipoteza tena kazi anapewa Bundala. Babu yako unamjua. Ukimnyima msitu umemzika anapumua. Na huyo Bundala alishaanza kutembea kifua mbele.

Nikasema na mimi naenda. Humaidi akacheka, akauliza kama mbogo hupikwa kabla hajauawa. Nikamjibu Mzungu kaja na mkewe, kwani Lugembe ni mseja? Akasema haya, twende.

Tukaingia msitu wa kuelekea Rubuga, kwa njia ile ya zamani ya misafara, aliyopita baba wa babu yako na pembe begani. Nikamfunga babu yako kamba ya magome kiunoni, ncha nikaishika mimi nyuma yake. Humaidi akauliza ni kamba ya nini. Nikamwambia ni dawa ya wawindaji wa Kinyamwezi, mke asipomshika mumewe mbogo atamchukua. Mtu wa mjini yule, akaona haya kuuliza zaidi. Lakini yule Mzungu mwanamke, tuliyemwita Mama Kofia, aliipenda dawa. Kesho yake kamfunga mumewe kamba ya hema, mwanamume anakwenda kama mbuzi wa mnadani! Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Siku ya tatu babu yako akasimama, akainua pua, akasema mbogo yuko bondeni, dume, peke yake, na upepo ni wetu. Tukanyatia. Mama Kofia akapiga. Mbogo akageuka, akatujia sisi! Akapiga tena, mnyama akaanguka hatua kumi tu kutoka tulipo. Babu yako hakutikisika hata ukope. Humaidi akasema hajaona mwanamume kama huyu. Tuliporudi ni ngoma na vigelegele, na aliyebeba paja la mbogo kichwani, nyuma ya babu yako, ni Bundala!

Sasa kaa chini, nikwambie lililobaki. Babu yako haoni. Tangu masika ya mwaka jana anaona mwanga tu, na hospitali ya misheni wamesema hakuna la kufanya. Kamba haikuwa dawa. Nikivuta mara moja ni kulia, mara mbili kushoto, nikikaza ni simama. Nyayo nilizisoma mimi, maana alinifundisha mwenyewe tulipokuwa vijana tukifuata asali. Lakini harufu na upepo ni vyake, mimi nilisikia tumbaku ya Humaidi tu. Baadaye babu yako aliniuliza mbogo kaangukia wapi. Nikasema mbali.

Na Humaidi naye si mjinga. Siku ya kuagana aliikunja ile kamba, akanipa, akaninong'oneza nisuke nyingine mwakani, hii imelika. Jina la Lugembe ameshaliandika kwa kazi hiyo.

Watoto hawajui, na yeye hataki wajue. Wewe nimekuambia kwa sababu utakuja Krismasi, na utakuja, la sivyo nitakufuata huko huko na kamba yangu. Nisalimie mkeo, mbusu mtoto.

Ukifika, usiingie kimya na kunyoosha mkono. Simama mlangoni useme, "Shikamoo babu, ni mimi Sylvester." Kisha ngoja. Mkono wako atautafuta mwenyewe.

Bibi yako na mkeo mkubwa,
Apolinaria