Sharti Namba Nne

Riruta, Nairobi
Jumapili, baada ya kanisa

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Nakusalimu nikiwa nimekaa kitandani, kwa sababu meza imejaa vyombo ambavyo sijaosha tangu Ijumaa. Magoti yanaendeleaje? Ile dawa ya kupaka niliyotuma na basi ilikufikia, ama bado iko pale dukani kwa wapokea mizigo? Na mbaazi, zimeshika, ama jua limezimaliza? Mimi mwili uko sawa. Nimechoka tu, na si uchovu wa kulala ukaamka umepona.

Najua utashangaa kuona karatasi, siku hizi ambapo hata wewe unanipigia kwa video nikiwa kazini. Lakini simu yako huwa unaiweka spika, Mwaitu, na boma lote linasikia mpaka jirani anaitikia. Halafu kwa simu ningekudanganya. Nimekudanganya mara nyingi tangu Mutheu aumie. Kwa hivyo vaa miwani, funga mlango, uisome peke yako.

Unajua dada yangu aliumia mkono kwa boti. Unajua vidole viwili vya mkono wa kulia vilikatwa na cha tatu hakikunjiki. Unajua tulitafuta wakili. Kuna kitu hukijui, na acha nianzie mwanzo nisije nikajitetea katikati.

Yalikuwa matembezi ya kikundi chetu cha maombi, yale tuliyapanga mwaka mzima yakiahirishwa. Kule mbele ya Mutuini kuna mtu ameligeuza bwawa lake kuwa mahali pa starehe. Anauza nyama choma, ameweka viti kwenye nyasi, na ana boti ya injini inayozungusha watu. Tulikuwa tisa. Mutheu hakutaka kuja, alikuwa na oda za sare za shule zimejaa kibandani. Mimi ndiye nilimlazimisha. Nilimwambia cherehani haina miguu, ataipata palepale, atoke siku moja aone maji.

Kabla ya kupanda boti wanakupa fomu. Dada mmoja wa pale, aliyekuwa mezani, alitaka jina, namba ya kitambulisho na sahihi ya kila mtu. Jua lilikuwa kali, watu walishaanza kupiga picha, na Mama Ndinda, mwenyekiti wetu, akaniita. "Katibu, si uko na namba zetu zote kwa daftari? Tusainie basi, tusisimame hapa mpaka jioni."

Unanijua nilivyo. Nikaandika majina tisa, nikaweka sahihi tisa, na kila mstari nikabadilisha mwandiko. Mama Ndinda nikampa ya kulala upande. Mutheu nikampa ile yake, M kubwa yenye mkia. Yule dada wa mezani aliniona na hakusema kitu. Na nikuambie ukweli wote, nilisikia raha. Nilijiona mtu anayejua kazi.

Masharti niliyasoma. Karani kama mimi hatii sahihi mahali hajasoma, hata kama sahihi si yake. Yalikuwa sita. Namba nne ilisema abiria asiweke mkono nje ya ukingo wa boti, hasa boti ikikaribia gati. Nikasoma, nikarudisha kalamu, nikaenda kuvaa jaketi la kuelea. Sikumwambia mtu yeyote. Hata haikunijia kwamba ni kitu cha kuambia watu.

Tulizunguka bwawa vizuri, tukaimba hata. Wakati wa kurudi dereva alikuwa akibishana na mtu aliyesimama nchi kavu, akasahau kupunguza mwendo, boti ikajipiga ubavu kwenye mbao za gati. Mutheu alikuwa ameshika ukingo kwa mkono wa kulia, kama vile mtu yeyote angeshika. Ukabanwa hapo. Mimi nilikuwa kando yake, goti kwa goti, nikipiga picha.

Mambo ya hospitali unayajua, ulikuja ukayaona. Alipotoka nikamchukua akae kwangu, maana kule kwake angejifungaje hata vifungo. Kile kibanda chake cha barabarani amekifunga. Cherehani iko hapa nyuma ya mlango, ameifunika leso. Kuna siku nilirudi nikamkuta anajaribu kutunga uzi kwenye sindano kwa mkono wa kushoto, sindano ameibana kwa meno. Nilijitia sijaona, nikapitiliza jikoni.

Wakili ni mama mmoja wa makamo, ana ofisi ndogo katikati ya jiji, ghorofa ya tatu, lifti haifanyi kazi. Mwanzoni alikuwa na matumaini. Alituambia swali la sheria ni nani alikuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu, na akashindwa. Dereva aliingia gatini kwa kasi, mashahidi wapo saba, mwenye boti anawajibika kwa mtu aliyemwajiri. Mutheu akaanza hata kuzungumza juu ya kufungua duka la nguo zilizo tayari, aajiri mtu wa kushona, yeye awe wa kukata na kupima. Nilimwona akicheka.

Halafu mwenye boti akajibu. Wakili alituita, akatoa nakala ya ile fomu, akaiweka mbele ya Mutheu. Alisema, "Wanasema ulisoma masharti, ukayakubali kwa sahihi yako, kisha ukavunja namba nne. Korti inaweza kugawa lawama. Dereva abebe kiasi, mwenye boti kiasi, wewe kiasi. Kwa karatasi hii watajaribu kukubebesha karibu yote. Sasa nakuuliza, hii ni sahihi yako?"

Mutheu aliangalia ile M yenye mkia. Akaniangalia mimi. Akasema, "Ni yangu."

Tulishuka ngazi. Tulipofika chini nikamwuliza kwa nini amesema hivyo. Akanijibu bila hata kukasirika, "Wewe una watoto wa kusomesha. Mkono ushaharibika. Na kazi yako iharibike pia?" Akavuka barabara, akaniacha nimesimama.

Ndiyo hivyo. Miaka kumi na minne nimekaa masjala nikitunza faili za watu, na karani aliyekiri kwamba anaigiza sahihi za watu hawezi kuachwa na faili. Mutheu alilijua hilo. Alikuwa tayari kupoteza haki yake ili mimi niendelee kupanda ngazi za ofisi kila asubuhi na tai shingoni. Na mimi, niliyemzidi miaka sita, niliyemfunza kuandika jina lake, nilikubali. Wiki tatu nzima nilikubali. Nilikuwa nikirudi nyumbani namkuta amenichemshia chai kwa mkono mmoja, naipokea, nakunywa.

Kazini kuna desturi, mwenzako akichelewa unamsainia kwa daftari la kuingia. Jumatano mwenzangu mmoja aliniomba hivyo kwa simu, anatoka Kileleshwa na barabara imefungwa. Kalamu nilishika, mkono ukakataa. Alipofika akakuta nafasi yake tupu, akaninunia siku nzima, akauliza nimeokoka lini. Wengine wakacheka. Mimi nilienda chooni nikalia, na sina aibu kukuambia.

Siku hiyohiyo saa ya chakula nikapanda zile ghorofa tatu peke yangu. Nikamwambia wakili sahihi nane kati ya zile tisa niliwaigizia wenzangu, na kwamba Mutheu alinifichia tu. Akavua miwani, akaniuliza kama najua ninachosema. Akanieleza polepole. Nikila kiapo, ile karatasi haiwezi tena kumfunga Mutheu, na yeye atarekebisha alichosema. Lakini wenye boti wanaweza kunivuta ndani ya kesi, waseme mimi niliwahadaa, nibebe sehemu ya lawama. Polisi wanaweza kuniita. Ofisini habari zitafika tu.

Halafu akauliza, "Masharti yenyewe uliyasoma?"

Hapo ningesema hapana. Hakuna mtu duniani angejua. Nilisema ndiyo, hata namba nne. Akaandika.

Ijumaa nimekula kiapo. Nimekuja na nakala nyumbani, nikampa Mutheu, maana sikutaka aisikie kwa wakili. Aliisoma akifuata mistari kwa kidole cha mkono wa kushoto. Alipofika kwenye sahihi akafyonza meno, akasema mimi ni mjinga, nani ameniomba. Nikaona hata anataka kutabasamu. Akaendelea kusoma. Kisha kidole kikasimama.

"Hapa inasema ulisoma."

"Ndiyo."

"Ile ya mkono."

"Ndiyo."

"Kabla hatujapanda."

Nikatikisa kichwa kukubali. Sufuria ikaanza kuungua jikoni, na hakuna aliyeinuka kuiepua. Mwishowe akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Ungeniambia tu, Kioko. Ningeutoa."

Alikusanya nguo zake kwa mkono mmoja, nikataka kumsaidia akanisogeza kwa kiwiko. Sasa yuko kwa Mama Ndinda, nyumba ya pili kutoka hapa. Leo kanisani alikaa upande ule mwingine. Mwaitu, ile sahihi alikuwa amenisamehe kabla sijaomba, nadhani kwa sababu aliona ni ujuaji wangu wa kawaida. Hili la pili sijui. Wakili anasema kesi sasa ina miguu. Korti itagawa lawama, kila mtu apewe yake, na mimi nitapokea ile nitakayopewa. Lakini hakuna korti itaniuliza kwa nini nilisoma nikanyamaza, nikakaa karibu naye namna ile.

Nisalimie shangazi Kalekye, mwambie nimesikia amefiwa na ng'ombe na nimesikitika. Nisalimie mjomba Mulwa, anayetuangalizia mpaka wa shamba, na watoto wangu, uwaambie baba hajawasahau. Mwikali, mke wangu, usimweleze chochote, nitakuja mwisho wa mwezi nimweleze mwenyewe, kwa sababu kazi ikiisha ni yeye atakayebeba. Mchungaji akiuliza, sema tuko kwa maombi.

Nakuomba kitu kimoja. Wewe umezoea kunisemea tangu utotoni, nikivunja kitu unasema Kioko hakukusudia. Mutheu atakupigia simu, leo au kesho. Toa spika, umsikilize mpaka amalize, na usinitetee.

Ni mimi, mwanao,
Kioko