Lalamiko la Ghorofa ya Tatu

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Mimi mzima, ila kazi zimenielemea. Kama ujuavyo, ofisi yetu ndiyo inayosimamia jengo unaloishi na mengine kibao. Sasa wamenipa kazi ya kufuata lalamiko la mpangaji hatua kwa hatua, tangu anapolitoa hadi linapotatuliwa, tuone linakwama wapi, kisha tuipange huduma upya. Naanza na wewe. Maji yakikatika tena, niandikie kila siku nani kasema nini. Usinifiche kitu.

Kitinda mimba wako

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Magoti ni yale yale, hayana jipya. Maji yalikatika Jumatatu. Nikamwambia fundi wa jengo, yule tuliyembandika jina la Kesho. Akasema, "Kesho, mama." Jumanne, kesho. Jumatano hata hakuwahi kufungua mdomo, nikamjibia mwenyewe, tukacheka hadi basi. Yalikuja siku ya tisa. Ila siku zote hizo ndoo zangu alizipandisha yeye hadi huku juu, wala sikumwomba. Na hilo uliandike.

Mama yako

2 Mei

Mama,

Shikamoo, na unisamehe kwa kimya. Nimechoka hoi. Mchoro wangu wa safari ya lalamiko umebandikwa ukutani na wakubwa wameusifu. Kila hatua ina kisanduku chake na idadi ya siku. Zako tisa zote zimeangukia kisanduku cha fundi. Ndoo sikupata pa kuziandika. Kuanzia mwezi ujao mtapiga namba moja tu, na mafundi watatumwa kutoka nje. Fundi wenu sijui watampangia nini. Niliuliza mara moja, nikaambiwa hilo si langu, nikarudi mezani kwangu.

Mwanao

28 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Sikuandika kwa sababu nilikasirika, na bado. Namba yenu inafanya kazi, siwezi kusema uongo. Maji yalipokatika tena, binti alipokea papo hapo, na mafundi walikuja siku hiyo hiyo na kifaa kipya cha pampu mkononi. Lakini Kesho ameondolewa, na chumba chake cha getini amekirudisha. Nilimsaidia kufunga vitu. Chini ya godoro alikuwa na nakala za barua kumi na moja, zote za kwenda ofisini kwenu, akiomba hicho hicho kifaa. Hakujibiwa hata moja. Alikuwa anangoja kama sisi, basi tu aliona aibu kutuambia. Wewe ulimfuata mpangaji, ukamfuata fundi, ukaishia hapo. Meza zenu wenyewe hukuzifuata.

Sasa analala kwa dada yake. Jumapili alipita kunijulia hali, akasema, "Mama, sijui ni nani aliyenichongea." Nikamvutia kiti, nikaanza habari za mvua. Nimeshindwa kumwambia, mwanangu.

Mama yako

6 Julai

Mama,

Shikamoo. Barua zake nimezipata. Zilikuwa kwenye droo ya chini ya meza niliyopewa nilipoanza kazi. Nyingine hazijafunguliwa hata bahasha. Nimezipeleka kwa mkuu wangu, akasema mchoro umeshapitishwa, tusirudi nyuma. Nililia chooni, nikanawa uso, nikaomba likizo.

Nakuja Jumamosi. Mwombe aje, wala usimweleze sababu. Nitamwambia mwenyewe kuwa ni mimi, kisha nitakaa nimsikilize, aseme lolote atakalo.

Mwanao