Kitunga cha Koko Sayun

Alief, 3 Machi

Ameleta tena kile kitunga, Mama. Ona, hata sijakusalimia. Jambo? Miguu inaendelea aje?

Huyu koko, bibi mzee ninayemuangalia nyumbani kwake, Sayun, ni Mwatayal, watu wa milimani kule Taiwani. Jumamosi wazee wenzake watacheza ngoma ya kwao. Vyombo ni vya nyumbani tu: kinu na mchi wa kutwangia mtama, ungo, na kamwanzi wanakapiga mdomoni, kanalia kama nyuki. Na kitunga cha mgongoni, kamba yake inapita kwenye paji la uso. Magoti ya koko yamekufa. Anataka nikibebe mimi, nizunguke nao. Kwa Kiingereza chetu cha kuvunjika ananiambia, "Wewe mgongo uko nao."

Mama, ile kamba ni ya wamama wabeba mizigo wa Bukavu. Ni yako. Mwanaume anaibeba aje? Tharcisse, dereva wetu wa kazini, ameshaanza: "Madame Kitunga, habari ya soko?" Nimemwambia koko mgongo unaniuma.

Mwanao, Edson

Vickery Meadow, 5 Machi

Edson mwanangu, jambo. Miguu imevimba, Mungu yuko. Mimi nasema, dada yako Zoé anaandika.

Alama iko kwenye paji langu, ndiyo mlikula wewe na Zoé. Ile kamba haikuwa inauliza nani mwanaume. Bebea mama wa watu. Uweke kitambaa chini yake, inachuna.

Mama

Vickery Meadow, 9 Machi

Edson, jambo. Uko muzima? Mbona kimya? Zoé anataka picha za ngoma.

Mama

Alief, 12 Machi

Mama, jambo. Usilie.

Jumamosi nilibaki kwenye gari. Tharcisse alikuwa pembeni, anacheka. Koko alisimama mlangoni mwa ukumbi ananingojea, halafu akajitia kamba mwenyewe. Wenzake wakaanza kutwanga. Hata mzunguko hakumaliza. Alianguka na kitunga mgongoni, mtama ukamwagika chini wote. Nilikimbia. Alinishika mkono, akauliza, "Mgongo unauma bado?"

Hospitalini hakutoka tena.

Leo tunamzika. Binti yake Rimuy hakunitukana. Alinipa kitunga tu, mchi na kamwanzi viko ndani. Koko aliomba azikwe navyo, na wenzake wote ni wazee, hakuna wa kubeba.

Tuko makaburini. Kitambaa nimekunja kama ulivyosema. Tharcisse anaangalia. Acha niende, Mama. Wamesimama na sanduku juani, wanangoja kitunga kitangulie.

Mwanao, Edson