Karakana Mpya Inasubiri Sauti Yako

Nyumba za Walimu, mlango wa pili,
Nyuma ya karakana ya umeme.
Jumapili, tarehe 9, mwezi wa tatu.

Mpendwa binamu yangu Cheche,

Salamu nyingi zikufikie wewe, mkeo, na hao watoto ninaowajua kwa picha tu. Hujambo? Kifua kimepona? Mama yako ameniambia ulikuwa unakohoa, na najua amejuaje: unampigia simu saa ambazo mzee wako hayupo nyumbani, kisha mnadhani sisi wengine ni vipofu. Sisi huku hatujambo. Goti la mama yako linamsumbua akitaka kuinuka, lakini ulimi wake uko imara kama zamani. Mimi nimeota kitambi. Ndiyo, mimi Bisibisi. Ungeniona ungenitafutia jina jingine.

Utashangaa kwa nini nakuandikia barua wakati simu ziko. Jibu unalo mwenyewe. Kila nikikupigia nikamtaja baba yako, mtandao wa huko kwenu hukatika ghafla. Barua haina kitufe cha kukatia. Basi kaa kitako, binamu, maana nitamtaja sana.

Nianze na lililo kubwa. Shule yetu imeingia ubia na kampuni ya umeme, na kampuni imetujengea karakana mpya. Imekamilika, imepakwa rangi, wageni wamekuja na wameondoka, lakini mpaka leo haijawashwa umeme. Kufuli la mzee linaning'inia kwenye swichi kuu, na mtu anayeweza kulifanya lifunguliwe ni wewe. Usicheke, nitakueleza, ila nipe nafasi nianzie mbali kidogo.

Unaikumbuka harufu ya karakana ya zamani? Koili iliyoungua, mafuta ya mashine, na ovaroli ambazo hazikuonja sabuni mpaka likizo. Meza yetu ilikuwa ya dirishani, ile yenye mguu mfupi tuliouwekea kipande cha ubao, na kila ukikata kwa msumeno kipande kilichomoka, ukanisingizia mimi kwamba nimekipiga teke. Ovaroli tulikuwa nayo moja, wiki yako na wiki yangu. Kwako ilikuwa kaptula, kwangu ilikuwa hema.

Na siku ulipokutanisha nyaya mbili zisizotakiwa kukutana, ukamuunguza mzee, baba yako na mwalimu wetu, nusu ya nyusi! Ndiyo siku uliyozaliwa mara ya pili kwa jina la Cheche. Mama yako alipouliza kulikoni, mzee akamjibu kwamba aliinama karibu mno na taa. Hakukuchongea. Nataka uikumbuke hiyo pia, maana najua unakumbuka mengine.

Lakini zaidi ya yote nazikumbuka zile salama. Mzee akishazima swichi kuu ili tushike nyaya, fyuzi aliitia mfukoni, na haikurudi mahali pake mpaka amwite kwa jina kila mtu ambaye mkono wake umegusa kazi ile. Ukiitwa unajibu kwa mdomo wako mwenyewe: "Salama!" Hakuna kumjibia mwenzako hata kama mmesimama bega kwa bega. Kabla ya wakati wetu kuna mwanafunzi alimjibia rafiki yake akidhani ametoka kunywa maji, kumbe mwenzake yuko nyuma ya mota ameshika waya. Alipona, ila tangu siku hiyo mzee hakuwa na masihara. Ulipovimba jino ukashindwa kufungua kinywa, darasa zima tulikaa bila umeme mpaka ukanguruma kitu kinachofanana na salama.

Mama yako naye alizoea kukung'uta suruali za mzee kabla ya kuziloweka, maana mifukoni fyuzi hazikosekani. Anasema nyumba nyingine wake hutafuta barua za wanawake, yeye alitafuta fyuzi.

Kisha likaja lile gari la kampuni, tukiwa mwaka wa mwisho. Walitaka mwanafunzi mmoja wa kuajiri, wakakuchagua wewe. Mzee alikuwa amekwisha kukupangia maisha yako: usomee ualimu, urudi, umrithi karakana. Nilikuwepo mlangoni alipokwambia kwamba ukipanda gari lile usirudi kwake tena. Alikuwa anajifuta mikono kwa tambara, na mikono yenyewe ilikuwa safi. Wewe ulipanda. Kampuni ikakupeleka mbali, ukatoka hapo ukaenda mbali zaidi, na mimi niliyekosa kuchaguliwa nikawa mwalimu na nikabaki na meza ya dirishani peke yangu. Sikulaumu, binamu. Ila nilibaki mpweke, na upweke ule haujaisha wote.

Baba yako alistaafu, akaagwa kwa hotuba na saa ya ukutani, na asubuhi iliyofuata akarudi kazini. Mkuu wa shule alichoka kumfukuza akampa mkataba. Basi ubia na kampuni ileile ulipotangazwa kwenye kikao cha walimu, mzee alisimama akasema hao ni wezi wa watoto, na yeye hatawakaribisha wezi kwa chai. Kikao kikavunjika.

Kampuni ikamtuma injinia wao, mama mmoja wa makamo, mpole lakini si wa kuchezewa. Alitueleza makubaliano mbele ya mzee: watajenga, wataleta paneli za sola na mota mpya, na wanafunzi wa mwaka wa tatu watakwenda kwenye vituo vya kampuni kujifunza kazi kwa mikono yao. Mzee akamwuliza swali moja tu.

"Na wakishaondoka, wanarudije?"

"Gari linalowapeleka ndilo linalowarudisha, mzee wangu," injinia akasema. "Kila mwisho wa wiki. Tumekubaliana hivyo na shule."

Mzee aliketi. Kesho yake nilimkuta uwanjani anawaonyesha wajenzi mahali penye ardhi ngumu.

Karakana yenyewe, binamu, ungeiona ungetamani kurudi shule. Madirisha makubwa, sakafu isiyoteleza, meza zote zina miguu sawa. Kampuni nao wana utaratibu wao wa usalama: kila anayefanya kazi kwenye nyaya anatundika kufuli lake kwenye swichi, anakaa na ufunguo wake, na hakuna anayeruhusiwa kufungua kufuli la mwenzake, awe bosi awe nani. Mzee alipopewa la kwake, jekundu, alilipima uzito kiganjani akasema, "Kumbe na nyinyi mna akili." Injinia alicheka mpaka akatoa machozi. Tangu hapo wakawa marafiki.

Sasa sikiliza. Ule ubao wa swichi ulioutengeneza kwa mtihani wa mwisho upo. Mzee hakuuruhusu uvunjwe miaka yote hii. Kila likizo aliufuta vumbi, na akituona tunaangalia anasingizia kwamba anatafuta kitu kingine. Tulipohama, aliubeba mwenyewe, akauombea nafasi ukutani uwe wa wanafunzi kujifunzia. Injinia aliukagua waya kwa waya, akabadilisha vifaa vilivyochakaa, akaupitisha. Umeunganishwa na mitambo mipya, katikati kabisa ya ukuta.

Siku ya uzinduzi mzee ndiye aliyepewa heshima ya kuwasha. Viti vilijaa, bosi wa kampuni alitoka makao makuu na suti yake. Mafundi walikwisha kuondoa makufuli yao, likabaki jekundu peke yake. Mzee akasimama na ufunguo mkononi, akaanza kuita. Aliwaita wanafunzi waliofunga nyaya, mmoja mmoja, nao wakaitikia salama kwa sauti za kujionyesha mbele ya wageni. Akaniita mimi, nikaitikia. Nilidhani amemaliza.

Akaita jina lako.

Wageni walidhani ni mwanafunzi mtoro. Mzee akangoja, akaita mara ya pili. Bosi wa makao makuu akainama akamnong'oneza, nami nilikuwa karibu nikasikia: "Mzee, twende tu. Asiyekuwepo na lake halipo."

"Lake lipo," mzee akasema. Akaugonga ubao wako kwa kidole. "Hili hapa. Mkono wake umo humu, na hajajibu."

Akautia ufunguo mfukoni, akakaa.

Binamu, nimewahi kuona aibu maishani, lakini ile ya kutazamana na viti vyote vile sijui niifananishe na nini. Mkuu wa shule alikuwa anatoka jasho. Ningeweza kuitikia kwa niaba yako, mdomo ulikuwa tayari umefunguka, lakini nani kati ya wanafunzi wa mzee yule anaweza kufanya hivyo? Bosi akaagiza kufuli likatwe. Ndipo injinia akasimama, akasema taratibu kwamba kufuli ni la mwenyewe, hiyo ni sheria ya kampuni na si ya mzee, na wageni wakaribie kwenye vinywaji. Wakanywa, wakapiga picha nje, wakaondoka.

Wageni walipokwisha, injinia alivuta kiti akakaa karibu na baba yako. Nilikuwa nakusanya viti, nikawa nakusanya polepole.

"Huyo aliyebaki ndani ni nani?" akamwuliza.

Unajua baba yako hajakutaja mbele ya mgeni tangu ulipoondoka. Nilidhani atainuka aende zake. Kisha akasema, "Ni mwanangu. Nilimwambia asirudi. Katika yote niliyowahi kumwambia, hilo ndilo pekee alilotii."

Halafu akasema kosa lilikuwa lake. Alilisema hivyohivyo, bila kuzunguka, akitazama sakafu mpya. Sijaongeza chumvi hata punje. Niliweka viti chini nikatoka nje, maana sikutaka anione ninavyolia na kitambi changu hiki.

Hayo ndiyo niliyotaka uyajue, na simu ingeniruhusu ningekwambia siku ileile.

Sasa mambo yalivyo ni haya. Wanafunzi wanaendelea kujibana kwenye karakana ya zamani. Injinia ametuombea muda mpaka siku ya kufungua muhula, Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tano. Ikipita hapo, makao makuu watakuja na karatasi zao na msumeno, na watakuwa na haki. Mzee ameshasema likikatwa kufuli lake hatakanyaga tena shuleni. Mama yako anasema akikaa nyumbani mchana kutwa mmoja wao atahama. Anafanya mzaha, lakini usiku halali. Tunaogopa, binamu. Mzee amepungua. Karakana ndiyo inayomwamsha asubuhi, na bila hiyo sijui nini kitamwamsha.

Sikuombi upande ndege kesho, najua kazi na mkate wa watoto. Ukiweza kuja, meza ipo, kitanda kipo, na nauli ya kutoka stendi nitalipa mimi nijionyeshe. Usipoweza, basi siku hiyo saa nne asubuhi ya huku, nipigie mimi. Nitaishika simu juu ili sauti isikike karakana nzima. Ataanza na wanafunzi, ataniita mimi, halafu atakuita wewe. Neno ni moja na unalijua. Mkitaka kugombana baada ya hapo, gombaneni hadi jioni, mna deni la magomvi ya miaka mingi.

Hasira hasara, walisema waliotutangulia, na baba yako amekwisha kuilipa hasara yake. Jana mchana nilipita karakana mpya kuchukua ngazi. Nilimkuta peke yake mbele ya ubao wako, hakuniona. Alikuwa anaita jina lako. Si Cheche, bali lile alilokupa mwenyewe ulipozaliwa. Anaita, anatikisa kichwa, anakohoa, anarudia tena kwa sauti ya chini zaidi. Nilisimama mlangoni mpaka nikaelewa. Anajizoeza, binamu. Anatafuta namna ya kuliita lisisikike kwa ukali.

Nisalimie mkeo na uwabusu watoto kwa niaba ya baba yao mdogo. Mama yako anakusalimu na anasema uvae sweta hata ndani ya nyumba. Mke wangu anakusalimu sana, na kifungua mimba wangu, ambaye sasa ana ndevu, anauliza kama ni kweli uliunguza nyusi za babu. Nimemwambia akuulize mwenyewe. Mungu aulinde mkono wako juu ya kila waya unaoushika, akufikishe jioni kwa watu wako kila siku, na akulainishie moyo kama alivyomlainishia mzee.

Ni mimi wako akupendaye, ukinikatia simu na usiponikatia,

Bisibisi