Ukurasa wa Talaka

Jumatano, mwezi wa mfungo nane, 1954. Joto. Tangu asubuhi hakuna upepo hata wa kutikisa pazia, na mimi situlii.

Leo dukani nimeshona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia. Kanzu ya bwana harusi, na mimi nashona kanzu tangu sijaota ndevu! Nikafumua, nikashona tena, nikajidunga sindano mara mbili. Mwenye kanzu alipokuja alinikuta nanyonya kidole. Akakitazama kidole, akaitazama kanzu.

Niandike basi, labda nitatulia.

Kila siku baada ya sala ya alasiri tunakaa darsa kwa Maalim Haji, msikitini karibu na duka langu, hapa mtaa wa Malindi. Kitabu cha fiqhi, sheria za dini, ukurasa mmoja kwa siku, na huu ni mwaka wa tatu. Tumepita mlango wa maji, wa sala, wa zaka, wa mirathi. Nayapenda mabishano yetu. Siku moja tulibishana juu ya paka aliyelamba maji ya udhu mpaka Maalim akatukumbusha kwamba paka mwenyewe keshaondoka. Sijawahi kuuogopa ukurasa.

Jana tumeingia mlango wa talaka.

Maalim akasoma: mume akimwambia mkewe, ukiingia nyumba fulani umeachika, naye akaingia, basi ameachika. Mzee mmoja akauliza, "Na kama kasema kwa hasira tu, Maalim, hakukusudia?" Maalim akajibu bila kuinua macho, "Neno likiwa wazi, haiulizwi nia." Tena akasema, eda ikipita bila mume kumrejea kwa ulimi wake, huyo si mkewe tena mpaka wafunge ndoa mpya. Wenzangu wakaitikia kwa vichwa. Mimi niliusoma tena mstari ule, kidole juu yake.

Maana neno hilo nimelisema. Shaaban iliyopita.

Bi Salama, dada yake mke wangu, alikuwa anamuoza binti yake kwao Jang'ombe. Walipanga wenyewe kila kitu, mimi nikaja kuambiwa siku tatu kabla, kama mpita njia. Nikapandwa na mori. Asubuhi ya harusi nikamwambia mke wangu, "Zuhura, ukikanyaga nyumba ile leo, ndiyo talaka yako." Nikatoka zangu. Kufika adhuhuri hasira zimenitoka, na maneno yenyewe nimeyasahau. Niliporudi magharibi nilimkuta anavua buibui, miguu imejaa tope la mvua. Nikamuuliza kwa utani, "Biriani lilikuwaje?" Akasema, "Zuri." Nikacheka.

Jana pale darsani nikajiambia: kwa hiyo alikwenda. Na eda imepita zamani. Na Zuhura ana mimba ya miezi mitano, mimba tuliyoiomba miaka sita.

Basi mimi ni nani katika nyumba ile?

Jana nililala ukumbini, nikasingizia joto. Zuhura aliniletea mto bila kuniuliza neno, na huo mto ndio ulioninyima usingizi.

Nitasema kweli, hapa hakuna wa kunisikia. Nimemkasirikia Mwenyezi Mungu. Sala zangu tatu za leo zote nimezisali huku nina ugomvi ndani. Najua Yeye ni Mwingi wa kusamehe, nimelisoma hilo tangu utotoni, chuo cha Kurani. Sasa mbona mwenye kusamehe madhambi makubwa makubwa anishike kwa maneno ya mtu aliyekuwa hajanywa hata chai? Halafu naiogopa hasira yangu, naomba toba, na toba yenyewe haijanikauka mdomoni naanza tena.

Na kulikuwa na sauti nyingine, hiyo mbaya zaidi. Iliniambia: usiulize. Usipouliza hakuna jibu, na bila jibu mtaishi kama mlivyoishi. Leo darsani Maalim alinigeukia, "Fundi, leo umekuwa kimya. Una suala?" Nikasema, "Sina, Maalim." Nimesema uongo msikitini, kitabu mapajani.

Nilipotoka hapo nikaona siwezi tena. Nikaenda moja kwa moja nyumbani. Zuhura alikuwa uani anakuna nazi.

"Zuhura."

"Abee."

"Siku ile ya harusi Jang'ombe. Uliingia nyumba ile?"

Hakuacha kukuna. "Sikuingia."

Nikamwambia asinifiche, nilimuona na tope miguuni. Akasema, "Nlifika mpaka kichochoroni. Vigelegele nnavisikia. Nkaingia kwa jirani yao, nkakaa dirishani mpaka bibi harusi alipotolewa. Nkamuona kwa mbali. Kisha nkarudi."

"Mbona ulinambia biriani zuri?"

"Harufu yake ilikuwa nzuri."

"Na dada yako ulimwambia nini?"

"Kuwa nnaumwa. Hakuniamini, kuna watu waliniona dirishani. Ningemwambia nini? Mume wangu kanitilia talaka mlangoni kwako?" Hapo ndipo alipoinua uso. "Wewe uliyasahau, najua. Nliyajua pale pale uliponiuliza biriani."

Nilikaa chini, kwenye sakafu, na kanzu yangu nyeupe. Nililia, sioni haya kuandika. Yeye akaendelea na nazi yake.

Ni mke wangu. Hukumu imeniacha salama, na mtoto ni wetu. Nilidhani baada ya hapo moyo utatulia. Haukutulia.

Tangu Shaaban Bi Salama hajakanyaga kwetu. Mara ngapi nimekaa ukumbini mwangu nikasema mwanamke yule ana kiburi, na Zuhura ananisikiliza, ananimiminia kahawa? Siku mbili hizi namuuliza Mungu kwa nini anahesabu neno langu, kumbe neno hilo limekaa kwangu miezi tisa, linapika, linafua, na mimi sina habari.

Darsa hii ya miaka mitatu imenifundisha nini?

Maghrib ishaadhiniwa, naandika haraka. Kesho alasiri wenzangu watafungua ukurasa unaofuata. Mimi nitakuwa Jang'ombe, mlangoni kwa shemeji yangu, nimwambie kwa ulimi wangu nilichosema siku ile, asikie na mumewe, wasikie na majirani wakitaka. Sijui kama atanifungulia.